Kutembelea Kilpeck: mwongozo kamili wa kanisa la karne ya 12 na kijiji chake

Wengi wanaofika Kilpeck hushuka garini, hupiga picha mlango wa kanisa, huchungulia ndani kidogo, kisha huondoka. Robo saa, wamemaliza. Si ajabu, kwa sababu kanisa ni dogo kiasi kwamba ukisimama getini unaliona lote, na kijiji chenyewe ni nyumba chache, mashamba na baa. Lakini kuta za kanisa hilo zina michongo ambayo wataalamu wa sanaa ya Zama za Kati huihesabu miongoni mwa iliyo bora kabisa Uingereza. Sehemu kubwa ya michongo hiyo iko juu ya kichwa chako, ni midogo, na haina mtu wa kukueleza. Ndiyo maana hapa nitazungumza zaidi kuhusu namna ya kutazama kuliko namna ya kufika.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: tenga saa tatu kwa kanisa hili dogo, na mbili kati ya hizo uzitumie nje.

Yajue haya kabla ya kwenda

Kilpeck iko Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, kilomita 14 hivi kusini-magharibi mwa mji wa Hereford na karibu na mpaka wa Wales. Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, sehemu hii iliyoitwa Archenfield ilikuwa bado ya Kiwelisi kwa lugha na desturi. Katika Domesday Book, daftari la mali ambalo mfalme aliagiza liandikwe mwaka 1086, Kilpeck inaonekana mikononi mwa William fitzNorman. Mwanawe, Hugh, alilitoa kanisa la hapo kwa abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Mtakatifu Petro ya Gloucester mwaka 1134. Jengo unaloliona leo lilijengwa karibu mwaka 1140. Limewekwa chini ya majina ya Bikira Maria na Mtakatifu Daudi, yaani Daudi askofu wa Wales, si yule wa Zaburi.

Majina ya mafundi waliochonga hayajulikani. Kinachojulikana ni mikono yao, kwa kuwa kazi inayofanana na hii imo katika makanisa mengine kadhaa ya kaunti hiyohiyo. Wanahistoria wameliita kundi hilo Skuli ya Herefordshire. Wanaona humo mazimwi yenye sura ya Skandinavia, nyuzi zilizosokotana za Kiseltiki na Kisaksoni, na watakatifu wanaofanana na wale wa njia ya hija ya kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Wengi huhusisha hilo la mwisho na Oliver de Merlimond, msimamizi wa mali za ukoo wa Mortimer, ambaye alikwenda hija Santiago kabla ya kujenga kanisa la Shobdon katika kaunti hiyo. Hayo yanatosha. Usijaze kichwa historia ukashindwa kuona.

Hatua ya kwanza: chagua siku na saa

Miezi mizuri ni kuanzia Aprili hadi Oktoba mapema. Desemba jua linatua karibu saa kumi jioni, na mchana wenye mawingu michongo ya juu hubaki madoa tu. Juni mwanga upo hadi saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo huna haraka.

Fikiria pia jua linatoka wapi. Mlango mkuu unatazama kusini. Saa sita mchana jua liko juu, ukingo wa paa unaangusha kivuli juu ya michongo iliyo chini yake, na mawe yanaonekana bapa. Asubuhi, au alasiri jua linapoanza kulala, mwanga huja kwa ubavu na kila mkunjo unajitokeza. Asubuhi jua hupiga upande wa mashariki, nyuma ya madhabahu. Alasiri hupiga ukuta wa magharibi na mlango. Ukiweza kuchagua moja tu, chagua alasiri. Ukuta wa kaskazini haupati jua isipokuwa jioni za kiangazi, na kwa huo utategemea darubini.

Hili ni kanisa la Kianglikana linalotumika, halijageuzwa makumbusho. Makanisa ya vijijini Uingereza huchangia mchungaji mmoja, hivyo ibada haiwi lazima kila Jumapili, na saa hubadilika. Angalia ratiba ya parokia mtandaoni. Ukitaka kushiriki ibada, nenda bila wasiwasi, mgeni hupokelewa. Ukitaka kutazama tu, epuka saa hizo. Ukikuta harusi au mazishi, subiri nje ya uwanja wa kanisa mpaka watu watawanyike.

Hatua ya pili: safari

Hereford ndiyo kituo chako. Kutoka London Paddington kuna treni za moja kwa moja zinazochukua kama saa tatu. Kutoka Birmingham New Street ni saa moja na nusu hivi. Kutoka Cardiff ni saa moja hivi. Nunua tiketi mapema, bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Mkiwa watu wawili mnaosafiri pamoja mara kwa mara, piga hesabu ya kadi ya punguzo la treni kwa watu wawili, kwa maana safari chache tu zinairudisha gharama yake.

Kutoka Hereford hadi kijijini kazi inakuwa ngumu kidogo. Njia rahisi ni gari. Shika barabara ya A465 kuelekea Abergavenny, kisha fuata kibao cha Kilpeck upande wa kushoto. Aliyezoea kuendesha Tanzania, Kenya au Uganda hatapata taabu ya upande wa barabara, kwani huko pia ni kushoto, na leseni ya nyumbani inakubalika kwa gari dogo kwa miezi 12 tangu uanze kuishi Uingereza. Taabu ni vichochoro. Ukishaacha A465 unaingia njia nyembamba yenye uzio wa miti pande zote mbili, inayotosha gari moja. Mkikutana ana kwa ana, aliye karibu na sehemu pana ndiye anayerudi nyuma. Akikupisha mtu, inua mkono kumshukuru. Asiyeinua mkono huko huonekana hana adabu. Trekta lipishe bila kubishana.

Kama huna gari, chukua teksi kutoka stesheni ya Hereford, mwendo wa dakika 20 hivi. Jambo la kukumbuka ni la kurudi: usidhani utaita gari kwa simu ukiwa kijijini. Mtandao wa simu unaweza kuwa hafifu, na madereva wa programu za simu hawakai mashambani. Kubaliana na dereva huyohuyo saa ya kukufuata, na uchukue namba yake. Mabasi yanayopita A465 unaweza kuyatafuta kwenye Traveline, huduma ya mtandaoni ya ratiba za usafiri wa umma. Ukishushwa barabarani, utatembea kama kilomita moja na nusu. Jumapili usiweke matumaini kwenye basi.

Hatua ya tatu: mfuko wako

Kitu muhimu kuliko vyote ni darubini ndogo. Hata ya bei nafuu inafaa, na bila hiyo utaona nusu ya kanisa. Simu yenye kukuza picha inasaidia, ila mkono hutetemeka. Ongeza tochi kwa ajili ya ndani, koti la mvua hata kama utabiri unasema jua, na sweta: kanisa la mawe ni baridi hata Julai. Viatu viwe vya kukanyaga tope, maana utapanda kilima cha ngome na kupita malishoni. Beba sarafu au noti ya sadaka. Beba chai kwenye chupa na kitu cha kutafuna, kwa sababu huwezi kuwa na hakika ya kukuta duka wala jiko la baa likiwa wazi saa unayofika. Msalani nenda Hereford kabla ya kuondoka. Makanisa mengi ya vijijini hayana choo.

Hatua ya nne: ukifika

Egesha pale palipotengwa karibu na kanisa, usizibe geti la shamba hata kama linaonekana halijafunguliwa tangu mwaka jana. Salimia unayekutana naye. Mjini London kumsalimia usiyemjua ni kioja, lakini kijijini kama hapa ni kinyume chake, na neno dogo kuhusu hali ya hewa linatosha.

Kuingia ni bure. Makanisa mengi ya vijijini huachwa wazi mchana bila mlinzi, na kitasa cha chuma kikubwa huwa kizito, kizungushe kwa nguvu kabla ya kuamua kwamba pamefungwa. Ukiingia, funga mlango nyuma yako ili ndege wasiingie.

Lakini usiingie kwanza. Mlango uache wa mwisho.

Hatua ya tano: zunguka nje

Simama mbali kidogo upande wa kusini ulione jengo zima. Lina vipande vitatu vilivyoungana kwa mstari: ukumbi wa waumini, sehemu ya madhabahu, na kipande cha mwisho cha nusu duara upande wa mashariki. Chini ya ukingo wa paa, kuzunguka jengo lote, kuna mstari wa mawe mafupi yaliyochomoza ukutani. Kazi yake ni kubeba ukingo huo. Mafundi wangeweza kuyaacha matupu, lakini walichonga kila moja. Yamebaki 85.

Anza na pembe ya kusini-magharibi, uende upande wa magharibi. Hapo kuna vichwa vya mazimwi vilivyochomoza kutoka ukutani, midomo wazi, ndimi zimekunjwa. Ndivyo vinavyowakumbusha watu meli na makanisa ya mbao ya Norway. Inua macho kwenye dirisha lililo katikati: nguzo zake zimesukwa kama ukili, na vichwani mwake kuna nyuso zinazotapika majani. Uso wa namna hii utaukuta tena mlangoni. Maana yake wataalamu hawajakubaliana, na usimwamini sana atakayekuambia kwa uhakika kwamba ni mungu fulani wa kale.

Endelea kaskazini, pita pole, jiwe kwa jiwe. Usijaribu kulipa kila moja maana. Kuna wanyama, ndege, vichwa vya watu, mpiga zeze, watu wawili waliokumbatiana, au wanaopigana mieleka, amua mwenyewe. Mengine yamevunjika. Kuna mwanakondoo mwenye msalaba, alama ya Kristo, ambaye wengi humwona farasi. Kuna mbwa na sungura waliokaa ubavu kwa ubavu, macho makubwa, utadhani wamechorwa juzi kwa ajili ya katuni za watoto. Kama umekuja na watoto, wape kazi ya kumtafuta mbwa huyo, utapata nusu saa ya utulivu.

Ukifika nyuma ya madhabahu, kwenye nusu duara, punguza mwendo zaidi, kwa kuwa hapo mawe yamekaribiana. Upande wa kusini wa nusu duara hiyo yuko mwanamke maarufu wa Kilpeck. Wa aina yake huitwa Sheela na gig, nao wamo kwenye makanisa kadhaa ya Uingereza na Ireland. Ana kichwa kikubwa chenye upara, macho ya mviringo, na kwa mikono miwili ameupanua uchi wake bila haya yoyote. Kama umeongozana na mama mkwe, ni vizuri ujue mapema yuko wapi. Wengine husema ni onyo dhidi ya tamaa, wengine kinga ya kufukuza shari, wengine alama ya uzazi. Msanii G. R. Lewis, aliyechapisha michoro ya kanisa hili mwaka 1842, alipata njia ya kukwepa aibu: alieleza kwamba ni mjinga aliyeufungua moyo wake. Mtazame mwenyewe uone kama maelezo hayo yanakaa.

Baada ya mzunguko wa kwanza, fanya wa pili ukienda upande mwingine. Utashangaa ni mangapi yalikupita.

Hatua ya sita: mlango wa kusini

Sasa njoo mlangoni, na uusome kutoka katikati kwenda nje. Juu ya mlango kuna jiwe la nusu duara lenye mti wa uzima, umetanda matawi na kubeba matunda kama vichala vya zabibu. Matao yanayouzunguka yamejaa vichwa vya ndege wenye midomo mirefu, wanyama wa kubuni, na kwenye tao la nje kuna duara zilizoungana kama mnyororo, kila moja na kiumbe chake.

Shuka na nguzo. Za nje zina nyoka waliosokotana, mmoja akimmeza mwingine. Kwenye nguzo ya kushoto wapo wapiganaji wawili, mmoja juu ya mwenzake, wamevaa kofia za ncha na suruali za mistari, wamenaswa katikati ya mizabibu. Watu hao wenye suruali utawakuta pia kwenye birika la ubatizo la Eardisley, kijiji kingine cha Herefordshire, wakipigana kwa mkuki na upanga, na hapo ndipo utaelewa kwa nini wanahistoria husema ni kazi ya kundi moja. Upande wa kulia, kichwani mwa nguzo, yupo tena yule mtapika majani.

Jiwe lote ni la mchanga mwekundu, na makali ya patasi bado yanaonekana baada ya karibu miaka 900. Usiguse. Mafuta ya vidole na mchanga wa kucha hula jiwe polepole, na wageni ni wengi. Usiweke karatasi kunakili michongo, wala usiegemee nguzo ili upigwe picha.

Hatua ya saba: ndani

Baada ya nje, ndani panaonekana patupu, na ni vizuri kuwa hivyo. Kaa kwenye benchi dakika chache macho yazoee giza. Mbele yako tao la kuingilia sehemu ya madhabahu lina watakatifu waliosimama kwenye nguzo, watatu kila upande, mmoja juu ya mwingine, wamevaa majoho yenye mikunjo ya kina. Mwenye funguo ni Petro. Huku ndiko kunakofananishwa na Santiago, maana kusimamisha watu juu ya nguzo namna hii hakukuwa desturi ya kawaida Uingereza wakati huo.

Pita chini ya tao, uinue tochi kwenye dari ya nusu duara: mbavu za mawe zinakutana katikati, na pale zinapokutana kuna vichwa. Kisha rudi nyuma utazame birika la ubatizo, kubwa na zito, halina urembo wowote. Tafuta pia chombo cha maji ya baraka ambacho mikono ya mawe imekikumbatia kama mtu anayeshika tumbo baada ya kushiba. Pembe ya kaskazini-mashariki ya ukumbi ina mawe ya ukuta uliotangulia kanisa hili, kabla ya Wanormani.

Picha bila mwanga wa kamera hazina shida. Kofia wanaume huvua kwa heshima. Hijabu, kilemba na kanga kichwani havina tatizo lolote. Andika jina lako kwenye kitabu cha wageni, na uweke kitu kwenye sanduku. Paa la kanisa kama hili hutunzwa kwa kiasi kikubwa na michango.

Hatua ya nane: ngome na kijiji kilichotoweka

Wengi huruka sehemu hii. Magharibi mwa kanisa, hatua chache tu, kuna kilima kilichoinuliwa kwa udongo, na juu yake vipande vya ukuta wa ngome. Mfalme John alifika hapa zaidi ya mara moja mwanzoni mwa karne ya 13. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1645, ngome ilibomolewa makusudi ili isitumike tena. Kupanda ni kufupi lakini kuna mteremko na majani ya kuteleza. Shuka kwa ubavu.

Ukiwa juu geuka kaskazini-mashariki, ng'ambo ya kanisa. Malisho yale yana matuta na mabonde madogo. Ni alama za nyumba na njia za kijiji cha Zama za Kati kilichokuwa kimezungushiwa boma la udongo. Jua la jioni ndilo linaloyafichua vizuri. Ukitaka kutembea zaidi, fuata njia za umma zenye vibao vya mshale wa njano, ambazo kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za kipimo cha 1:25,000 zimechorwa kwa kijani. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Ulilolikuta wazi liache wazi. Majira ya kuchipua kondoo wana watoto, hivyo wape nafasi, na mbwa afungwe kamba.

Ukibaki na muda

Mwenye gari aende Rowlstone, safari fupi kuelekea kusini-magharibi. Kanisa la huko la Mtakatifu Petro ni la mafundi wa kundi hilohilo, na baadhi ya michongo kwenye tao lake imesimama kichwa chini miguu juu, jambo linalohusishwa na mapokeo kwamba Petro alisulubiwa hivyo. Kuna pia Abbey Dore, magharibi, mabaki makubwa ya abasia ya watawa wa Wasisteriani iliyoanzishwa mwaka 1147. Kwa siku moja chagua moja kati ya hayo mawili. Mimi ningechagua Rowlstone kwa sababu macho yako yatakuwa yameshajifunza.

Mwenye treni abaki Hereford. Katika kanisa kuu la mji kuna ramani ya dunia ya mwaka 1300 hivi, iliyochorwa kwenye ngozi moja ya ndama, Yerusalemu katikati na mashariki ikiwa juu. Itafute Afrika upande wa kulia. Humohumo kuna maktaba ambayo vitabu vyake vimefungwa kwa minyororo. Maonyesho hayo yana kiingilio na siku zake, thibitisha kabla ya kwenda, na uhakikishe unajua saa ya treni ya mwisho ya moja kwa moja, maana za kubadilisha njiani usiku husubirisha sana.